Aliyeomba chakula kwenye fensi yangu

Panga lilisimama hewani. Kijana anayenisaidia shambani alikuwa amefika katikati ya fensi, akifyeka yale maua machungu ya njano ambayo huku Bungoma, magharibi mwa Kenya, tumeyapanda karibu kila mpaka, nikamsikia akiita kwa sauti ya chini, "Mama, kuja uone." Nilipofika alikuwa amerudi nyuma hatua nne, macho hayabanduki kwenye kitawi kimoja. Kinyonga. Wa kijani, ana mstari mweupe ubavuni, tumbo limejaa, mkono mmoja ameunyoosha mbele akipapasa hewa kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Nikimbie kwa mzee wa hapo nimwombe ugoro?" akaniuliza.

Aliyekulia huku anajua ugoro ni wa nini. Unautia kwenye ncha ya kijiti, unamchokoza kinyonga mpaka aachame kwa hasira, halafu unamtia mdomoni. Niliona hivyo nikiwa darasa la tatu, njiani tukitoka shule. Alibadilika akawa mweusi kama mkaa, akatetemeka, mwili ukalegea, lakini mkia haukuachia tawi. Tulishangilia. Mkia ule haujanitoka akilini mpaka leo.

"Hapana," nikamwambia. "Weka panga chini. Kwa leo tumemaliza."

Kukhu wangu, yaani nyanya yangu, alitusimulia jikoni, moto ukiwa umebaki makaa, kwamba zamani watu hawakufa. Jioni moja mwana wa Maina alikuwa nje ya nyumba yake anakula, kinyonga akaja akamwomba chakula. Akamnyima. Kinyonga akaendelea kuomba, mpaka yule mtu akakasirika akamfukuza. Ndipo kinyonga akasema: mimi naenda, lakini ninyi nyote mtakufa. Kisha akaenda kwa nyoka, nyoka akampa chakula bila kinyongo, na ndiyo maana nyoka akizeeka huvua ngozi akawa mpya. Sisi watoto tulitoka pale na jambo moja tu: kinyonga ni adui. Nilipokua nikakirudia kisa hicho moyoni nikaona kitu ambacho Kukhu hakukificha hata kidogo. Aliomba chakula. Sisi ndio tuliomnyima.

Usiku ule nilitoka na tochi. Kinyonga akilala rangi yake hufifia, hukaribia weupe, na mwanga ukimpiga anang'aa kati ya majani kama ganda la yai. Mchana unaweza kupita mbele yake mara kumi usimwone. Nilienda polepole kutoka langoni hadi kwenye migomba, hatua arobaini hivi, nikahesabu kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Wamelala kwenye ncha za vitawi vyembamba, mkia umekunjwa kama springi ya saa. Miaka tisa nimeishi kwenye boma hili, na kila Machi kabla ya mvua kushika nilikuwa nafyeka fensi yote kwa siku moja na kuyachoma matawi jioni hiyo hiyo. Sipendi kufikiria nilichoma nini.

Na kuna dawa. Msimu uliotangulia, sukuma wiki yangu ilivamiwa na vidukari, nikaenda kwenye agroveti moja mjini, nikauziwa chupa na kuambiwa nichanganye "kifuniko kimoja, ukiona hawafi ongeza." Niliongeza. Siku mbili baadaye nilimkuta kinyonga mdogo chini ya mashina, mdomo wazi, anashindwa kukunja vidole. Miguu yake ni ya ajabu, kila mmoja umegawanyika pande mbili kama koleo, vidole viwili huku na vitatu kule, na kazi ya koleo hiyo ni kushika tu. Huyu hakuweza kushika hata kidole changu. Alikuwa amekuja kula nzi na panzi wangu, nami nikamwandalia sumu. Sasa vidukari navipiga maji ya sabuni asubuhi na mapema, majani yaliyozidiwa nayang'oa nawapa kuku. Ni kazi zaidi, sikatai, na mboga zangu zina matobo machache. Wateja wangu wa sokoni wameyazoea.

Yule wa tumbo kubwa nilimwona tena wiki ya tatu, siku ya Jumamosi, mvua ikiwa imenyesha usiku. Nilidhani anajisaidia. Alikuwa amebana makalio kwenye tawi, kisha akaacha kitu chenye utando, kinanata kama ute wa bamia. Akasogea hatua mbili, akaacha kingine. Ndani ya ule wa kwanza kulikuwa na kitu kilichokunjwa, kikajinyoosha, utando ukapasuka, na hapo pakawa na kinyonga kamili, hafiki njiti ya kibiriti kwa urefu, na macho yake yanazunguka kila moja kivyake. Nilisubiri mama ageuke amwangalie. Hakugeuka. Mtoto akashika tawi akaanza kutembea na mwendo ule ule wa kuyumba mbele na nyuma. Nilihesabu saba, wa nane alianguka majanini nikampoteza. Wapo vinyonga wanaotaga mayai na kuyafukia ardhini, lakini huyu wetu, ambaye wataalamu humwita Trioceros ellioti, huzaa. Mama mkwe nilipomweleza aliziba masikio, na mpaka leo hapiti upande huo wa boma. Simlazimishi. Ila ameacha kuwatuma wajukuu watafute mawe ya kumpiga kinyonga.

Watoto wangu walitaka kumweka mmoja kwenye chupa. Nikawaambia sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na hata isingekuwepo, chupa si nyumba ya mtu. Akivuka njia, wanamwekea kijiti mbele apande mwenyewe, wanampeleka upande aliokuwa anaelekea. Hawamvuti mkia. Hana sumu yoyote. Ukimshika kwa nguvu atafungua mdomo, atavuma, pengine atakubana kidole kwa vijino vyake, basi.

Fensi bado tunaikata, maana isipokatwa inameza njia. Tunakata nusu, nusu nyingine inasubiri mpaka ya kwanza ichipue. Usiku wa kuamkia kazi napita na tochi, na kila penye kinyonga nafunga uzi mwekundu wa sweta kuukuu. Matawi hayachomwi. Yanakaa chini siku kadhaa, kisha tunayazika kwenye mashimo ya mahindi, yanaoza haraka na ni mbolea nzuri kweli.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni kijana akaanza bila mimi. Niliporudi upande wote wa langoni ulikuwa umefika usawa wa kiuno, umenyooka, isipokuwa mahali pamoja ambapo shina moja refu lilisimama peke yake. Hapakuwa na uzi. Nilisogea karibu. Juu kabisa, kwenye jani la mwisho, alikuwepo.

"Huyo hukumwona jana," kijana akaniambia, huku akinoa panga.