Soketi ya kijani ya Celica ya mjomba

Kwa miezi mitatu niliambiwa Toyota Celica yangu inataka sensa ya joto la maji ya injini. Nikanunua sensa mpya, nikaifunga, na mambo yakabaki vilevile. Asubuhi gari linawaka mara moja. Lakini nikilizima kwa dakika kumi hivi pale Kenyatta Avenue, hapa Nakuru, nikanunue mboga, nikirudi haliwaki mpaka nilibembeleze, na likiwaka linatoa moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi. Plagi nilizofungua zilikuwa na masizi kama sufuria ya kuni.

Gari lenyewe ni la mwaka 1995, modeli ya ST202, injini ya 3S-GE. Mjomba aliliagiza mwaka 2002 likiwa na miaka 7. Leo huwezi kuingiza Kenya gari la mwaka 1995, kwa kuwa sheria hairuhusu lililozidi miaka 8, kwa hiyo Celica za zamani zilizomo nchini ndizo hizohizo. Mjomba alikuwa mgonjwa wa Safari Rally. Ian Duncan, Mkenya mwenzetu, aliposhinda Safari ya 1994 kwa Celica GT-Four, mjomba aliapa kwamba siku moja naye atalala na ufunguo wa Celica chini ya mto. Hii yake haina turbo, na inavutwa na magurudumu ya mbele tu, lakini aliipenda. Aliponikabidhi aliniambia neno moja: isije ikawekwa juu ya mawe.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa nyaya upande wa Shabab. Alisikiliza hadithi yangu yote huku akifuta mikono, kisha akaniuliza, “Mwalimu, sensa umeiuliza. Waya je, umeuuliza?”

Nafundisha fizikia, na swali hilo liliniuma. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi wa sekondari kwamba kuna vipingamizi ambavyo upinzani wake hupungua joto likipanda, na sensa hii ni ya aina hiyo. Jumamosi nikaifungua, nikaining'iniza ndani ya sufuria pamoja na kipimajoto, nikawasha gesi. Kwenye nyuzi 20 mita ilisoma omu 2,400. Kwenye nyuzi 80, omu 310. Niliendelea mpaka maji yakachemka, ambayo kwa urefu wa Nakuru ni kwenye nyuzi 94 hivi, na namba zilishuka bila kurukaruka. Toyota wanataka kati ya 2,000 na 3,000 kwenye 20, na kati ya 200 na 400 kwenye 80. Sensa ilikuwa nzima. Hata ile ya zamani niliyoitupa kabatini nikaipima: nzima.

Basi nikairudisha, nikapasha injini mpaka feni ikaanza kuzunguka, nikazima, nikatoa waya wa betri, nikachomoa kompyuta ya injini iliyo chini ya dashibodi na kupima kutoka huko, kwenye nyaya mbili zinazokwenda kwenye sensa. Ilipaswa kusoma karibu 300. Ilisoma 1,900. Nikamwomba kijana wa jirani autikise waya kule mbele: 4,000, kisha 320, kisha tena 1,900.

Hapo ndipo kila kitu kilieleweka. Omu 1,900 kwa kompyuta maana yake ni nyuzi 26, yaani alasiri ya kawaida ya Nakuru. Injini imeshapata moto, lakini kompyuta inaamini bado ni baridi, inazidi kumimina petroli. Na ndiyo sababu taa ya injini haikuwahi kuwaka. Nilikuwa nimeunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwenye kisanduku cha uchunguzi ili taa hiyo imweke namba ya hitilafu, nikihesabu mimweko, nikitarajia namba 22, ya sensa hii. Lakini namba 22 huja waya ukikatika kabisa au nyaya zikigusana. Namba ya uongo inayofanana na ukweli, kompyuta inaikubali.

Soketi ni ile ya kijani, karibu na distribiuta, pale maji ya moto yanapotokea kwenye kichwa cha injini. Miaka yote hiyo ya joto imeifanya plastiki yake kuwa kama ganda la yai. Kile kiulimi cha kufungia kilikuwa kimevunjika, na mtu fulani zamani aliikaza kwa tepu. Chini ya tepu, vumbi letu la Nakuru lililochanganyika na mafuta, na ncha moja ya shaba imeota kutu ya kijani. Kila injini ikitetemeka, ncha ilikuwa ikigusa na kuachia.

Soketi ya namna hii si ya Celica peke yake. Niliipata kwenye Toyota 110 iliyochinjwa, shilingi 300, nikamsihi muuzaji anikatie na nyaya zake urefu wa kiganja. Mzee alinisimamia. Alikataa katakata nisokote nyaya na kuzungushia tepu. Kila waya tuliukata mahali tofauti ili viungo visikae ubavu kwa ubavu, tukavibana kwa vishikizo vya shaba, tukavalisha mrija unaonywea kwa joto, halafu tukaacha waya ulegee kidogo usivutwe injini inapocheza. Nilihangaika ni upi uende wapi, akanituliza: sensa hii haina chanya wala hasi.

Nikapima tena kutoka kwenye kompyuta. 318. Kijana akatikisa, 318.

Jioni ile nilipanda hadi Kiamunyi, nikarudi, nikaegesha palepale Kenyatta Avenue. Nikakaa ndani dakika kumi kwa saa. Nilipogeuza ufunguo liliwaka kabla mkono haujaacha, nikampigia mjomba simu nikaiweka karibu na boneti asikie. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza soketi ya sensa ya mkono wa petroli nimeiangalia, maana nayo ni ya umri uleule. Nimeiangalia. Ina ufa.