Jicho la mtufaa ndani ya naitrojeni

Ukipanda mbegu ya tufaa ulilolipenda, tufaa lile hulipati tena. Kila mbegu huzaa mti wa peke yake, na mara nyingi matunda yake ni madogo na machachu. Aina huishi kwa kubebeshwa tu: jicho, yaani chipukizi lililofumba la tawi, hupachikwa kwenye mti mwingine. Mti wa mwisho ukifa kabla hujachukua jicho lake, aina hiyo imekwisha.

Ndiyo maana mtu akiniambia benki ya mbegu inatosha, namkatiza. Mimi napogolea mitufaa karibu na Geneva, New York, ambako Marekani imepanda mkusanyiko wake wa taifa wa matufaa. Lakini mti shambani hauna uhakika. Kuna bakteria wanaoingilia kwenye maua, na matawi hukauka meusi kana kwamba moto umepita.

Akiba iko Fort Collins, Colorado, kwenye mvuke wa naitrojeni ya kimiminika, kama nyuzi 160 chini ya sifuri. Vijiti hukatwa katikati ya baridi kali, mti ukiwa umelala. Kila kipande kina jicho moja na urefu wa sentimita 3.5 hivi. Hukaushwa kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri mpaka unyevu ubaki kama asilimia 30, kisha baridi huongezwa nyuzi moja kwa saa hadi 30 chini ya sifuri. Polepole hivyo ili maji yatoke kwenye seli yagande nje. Barafu ikijijenga ndani, seli inapasuka. Siku ya kulitoa, kipande hulazwa kwenye mboji yenye unyevu, mahali pa baridi, kama wiki mbili, halafu jicho hubebeshwa. Ukilichana lililopona, ndani ni kijani kibichi. Lililokufa ni kahawia.

Mjapani Akira Sakai alishaonyesha mwaka 1960 kwamba vijiti vya mforsadi vinaweza kuvuka baridi ya naitrojeni ya kimiminika yenyewe, nyuzi 196 chini ya sifuri, vikiwa hai.

Kwetu Bukoba mgomba haulali, na umejaa maji. Kwa hiyo hazina ya ndizi iliyoko Leuven, Ubelgiji, hukata ncha ya ukuaji ya kama milimita moja, huiloweka kwenye mchanganyiko mzito wenye gliseroli na sukari ndani yake, kisha huizamisha ghafla kwenye naitrojeni ya kimiminika. Zaidi ya aina 1,000 za ndizi zimeshagandishwa hivyo. Mnyauko wa bakteria uliingia Kagera mwaka 2006, na bado kuna vibanja vyenye migomba ambayo jirani hana. Kama mmoja uko kwenu, waambie watu wa TARI Maruku, kituo cha utafiti wa kilimo, mwaka huu, kabla haujaugua.