Nilivyojifunza Tekken 3 kwa kuachia batani

Kibanda cha gemu nilichojifunzia kipo Kirumba, Mwanza, njia ya kushuka soko la samaki la Mwaloni, harufu ya dagaa inaingia hadi ndani. Utaratibu wake ni mshindi kubaki na pedi, na aliyefungwa kuachia kiti. Nilianza nikiwa mtu mzima, nimetoka kazini, na kwa wiki tatu kazi yangu ilikuwa kuachia kiti. Iliniuma sana, kwa sababu gemu lenyewe nililipenda tangu siku ya kwanza.

Tekken 3 ni gemu la kupigana la watu wawili, la kampuni ya Namco. Ilianzia kwenye mashine za sarafu mwaka 1997, ikaja PlayStation mwaka 1998. Batani zake nne ni viungo vinne: mraba mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Anayeanza akilishika hilo tu, ameshaokoa siku nyingi.

Mimi nilikimbilia kukariri. Nilimchukua mpiganaji aitwaye Jin nikameza kombo yake, yaani mfululizo wa vipigo 10, nikaifanyia mazoezi hadi vidole vikaota sugu. Dogo mmoja aliyekuwa akicheza na Eddy, yule mpiganaji wa capoeira, mchezo wa mateke wa Brazil, aliishika baada ya mechi mbili. Alijua kipigo cha chini kinakuja wapi, anakikinga, halafu mateke yananishukia mfululizo.

Jioni moja kaka aliyekuwa akichomelea waya za redio pembeni aliweka kifaa chake chini. "Mdogo wangu, mechi hii usipige kabisa. Achia batani zote."

Nikaachia. Jin alisimama tu, na mateke mengi ya Eddy yakaishia mikononi mwake! Sikuwa najua kwamba mchezaji akisimama bila kufanya lolote anakinga mwenyewe mapigo ya juu na ya kati. Ukirusha ngumi, kinga inaondoka hadi ngumi imalizike. Nilipoteza mechi ile, lakini kwa mara ya kwanza niliona kinachonipiga.

Kuanzia hapo nikawa natazama urefu wa pigo. Pigo la juu ukichuchumaa linapita hewani. La kati linampiga aliyechuchumaa, kwa hiyo lazima usimame. La chini linataka ushikilie mshale wa chini na wa nyuma pamoja. Eddy anasumbua wageni kwa sababu anachanganya chini na kati akiwa amelala au amesimama kwa mikono, na mtu akitishika anachuchumaa muda wote. Usifanye hivyo. Simama, pokea la chini moja au mawili ambayo hayaumizi sana, na uchuchumae pale tu unapolitambua teke lenyewe. Kulitambua kulinichukua kama wiki mbili za kumtazama dogo yule hata isipokuwa zamu yangu.

Kukaba nilikuchelewesha bila sababu. Mraba na eksi kwa pamoja, ukiwa karibu, vinamkamata mtu anayekinga tu. Naye akichuchumaa mikono yako inapita juu yake, hapo ndipo umpige pigo la kati. Kati ya wapiganaji 10 walio wazi kuchaguliwa tangu mwanzo, ningempa anayeanza Paul: ana ngumi moja nzito ya kati, mshale wa chini kuzunguka hadi wa mbele halafu pembetatu, na ikikosa utajua kosa ni la muda wako. Ukiwa na mashine nyumbani, ingia sehemu ya mazoezi, urudie pigo hilo moja upande wa kushoto na wa kulia, maana mishale inageuka.

Siku niliyomfunga dogo, nilipiga ngumi hiyo mara tatu tu. Muda mwingine wote nilikuwa nakinga. Alinipa mkono, akaachia kiti. Kesho yake alirudi amemchagua Hwoarang, yule wa mateke ya taekwondo, nami nikaanza upya kutazama miguu.