Mtungi wa Bibi

Saa nane mchana, Dodoma, Septemba. Kidato cha pili walikuwa wakisinzia macho wazi, na mimi nachora ubaoni chembe za maji zikiruka angani. Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili, nami sikumkatiza: "Madamu, mbona maji ya mtungini kwa bibi ni ya baridi, ya ndoo hapa shuleni ni vuguvugu?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikalimeza. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimewasimulia habari za Erasto Mpemba, mwanafunzi aliyeona mwaka 1963 kwamba maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyatia kwenye friza yakiwa moto, yaliganda kabla ya yale ya baridi ya mwenzake. Alipouliza, alichekwa.

"Ulete huo mtungi," nikasema.

Kesho yake akaja nao kichwani juu ya kata ya kanga. Tukauweka dirishani pamoja na ndoo, maji ya bomba lilelile, kipimajoto kimoja cha kupokezana. Baada ya saa moja, mtungi nyuzi 26, ndoo 31. Makofi! Nilishaanza kuandika hitimisho, kijana mmoja mkimya akasema polepole, "Madamu, ndoo iko juani."

Kweli. Jua lilikuwa limesogea, likaikalia ndoo peke yake. Miaka sita ya ualimu, na sikuliona. Nikafuta ubao.

Tukahamia chini ya mwarobaini. Hapo yule msichana akawa ndiye mwalimu. Akapitisha kidole kwenye tumbo la mtungi, kikatoka na unyevu. "Unatoka jasho," akasema. "Tuuzuie basi, tuone." Tukaazima mtungi wa pili, unaolingana na wa kwanza, tukauviringisha nailoni ya kufunikia madaftari na kuibana kwa mpira. Ili tusichanganye, mtu akaandika A na B kwa kalamu ya wino mzito.

Ulio wazi ukashuka hadi 23. Wa nailoni ukagoma kwenye 27, karibu sawa na ndoo. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Walikuwa wanabishana kama ingekuwaje kwetu Tanga, ambako hewa yenyewe ina maji.

Jumatatu msichana akaniletea salamu za bibi. Anauliza ni nani aliyemwandikia A kwenye mtungi wake, maana ameusugua kwa majivu na haitoki.