Blenda iliyotumbukia sinkini

Ilikuwa usiku, sinki limejaa maji ya kuoshea vyombo karibu kufika ukingoni, nami nilikuwa nikipangusa meza ya jikoni kwa haraka ya mtu anayetaka kwenda kulala. Kiwiko changu kiligonga blenda ambayo jagi lake lilikuwa limeshaondolewa ili lioshwe, na ile sehemu ya chini yenye mota ikateleza juu ya meza iliyolowa, ikatumbukia majini na kuanza kutoa mapovu. Plagi yake ilikuwa bado imechomekwa ukutani. Binti yangu, aliyekuwa amesimama karibu na sinki kuliko mimi, alikuwa ameshanyoosha mkono ili aiopoe, nami nikampigia ukelele kwa ukali ambao hakuwa amewahi kuusikia kutoka kwangu: “Usiguse!”

Naanza na mkono ule kwa sababu mashine inaweza kununuliwa nyingine. Watu wengi huamini kwamba kifaa kisichokuwa kikizunguka hakina umeme, kumbe maadamu plagi iko kwenye soketi iliyowashwa, umeme umefika hadi kwenye kitufe cha kifaa, na maji yakishaingia ndani huupa njia ya kutokea hata kama kitufe kiko kwenye sifuri. Maji ya bomba yana madini yaliyoyeyuka yanayoyawezesha kupitisha umeme, na yakichanganyika na sabuni na chumvi ya mabaki ya chakula huupitisha vizuri zaidi. Isitoshe, ngozi iliyolowa hukinza umeme kwa kiasi kidogo sana ikilinganishwa na ngozi kavu. Nyumba nyingi siku hizi zina swichi ya usalama inayokata umeme pindi unapovuja kwa kiasi kisichozidi miliampia 30, na kifaa hicho kimeokoa maisha ya watu wengi, lakini hakuna anayepaswa kuijaribu swichi hiyo kwa mkono wa mtoto wake.

Soketi yenyewe ilikuwa imerushiwa maji, kwa hiyo sikuigusa. Nilikwenda kwenye swichi kuu nikazima umeme wa nyumba nzima, nikarudi na tochi, nikakausha mikono, nikachomoa plagi, na hapo tu ndipo nilipoingiza mkono sinkini na kuitoa ile mashine, ikitiririsha maji kutoka kwenye matundu yake ya kupitishia hewa.

Hapo ndipo lilipokuja jaribu la pili, ambalo kwa mashine ni baya kuliko kuzama kwenyewe: hamu ya kuiwasha kidogo tu ili kuona kama bado ni nzima. Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kushindwa na hamu hiyo. Mashine yangu ya kuchanganyia unga ilianguka kwenye ndoo, nikaipangusa, nikaiweka dirishani usiku kucha, na asubuhi, kwa kuwa kwa nje ilikuwa kavu kabisa, nikaichomeka. Ilizunguka kwa sekunde chache, kisha ukasikika mlio mkali kama wa kijiti kinachovunjwa, na jikoni kukajaa harufu ya vanishi iliyoungua. Fundi alipoifungua alinionyesha matone yaliyokuwa bado yamejificha kati ya nyuzi za koili, na karibu nayo mstari mweusi mwembamba kama wino, mahali umeme ulipopita juu ya unyevu kutoka waya mmoja hadi mwingine. Aliniambia kwamba kama ningempelekea siku moja kabla, huenda angeirudishia uhai.

Maneno yale sikuyasahau. Waya wa shaba wa mota umepakwa vanishi, na kwa muda mfupi maji hayaudhuru sana. Chuma cha ndani huanza kushika kutu polepole, na hata kutu hiyo si kitu ikiwahiwa. Uharibifu mkubwa hutokea umeme unapokutana na unyevu. Wakati huo shoti huunguza bodi ya saketi, na pale penye mkondo wa moja kwa moja, kama ule wa betri, shaba huliwa na kugeuka kijani kwa kasi ambayo maji peke yake yasingeifikia. Kwa hiyo safari hii niliuzungusha waya kwenye ile blenda, nikaufunga kwa uzi, na kubandika karatasi yenye maneno “isichomekwe”, ili mtu mwingine wa nyumbani asije akafanya kosa langu la zamani.

Asubuhi niliifungua. Skrubu zilikuwa zimefichwa chini ya vimiguu vya mpira, na kabla ya kuchomoa waya wowote nilipiga picha kwa simu ili nijue kila kimoja kinarudi wapi. Ndani nilikuta maji yenye povu yametuama chini ya mota, na utando wa mafuta umeganda juu ya swichi. Hapa nilifanya jambo ambalo mume wangu aliliona kama wazimu: niliiosha tena kwa maji. Maji ya kuoshea vyombo yanapokauka huacha sabuni na chumvi, na mabaki hayo huvuta unyevu kutoka hewani na kuendelea kula metali hata baada ya kila kitu kuonekana kikavu; maji safi yaliyokenekwa, yasiyo na madini, huyaondoa na hayaachi kitu. Nilisuuza taratibu, nikaikung'uta, nikatumia brashi laini yenye spirti kupitia swichi na viungio vya waya, mbali na moto wowote, madirisha yakiwa wazi.

Ukaushaji ndio uliochukua muda. Niliiweka mbele ya feni ya hewa ya kawaida, nikiigeuza asubuhi na jioni ili maji yaliyonaswa yapate upande wa kutokea. Sikuifukia ndani ya mchele, kwani mchele haukaushi kuliko hewa inayotembea, tena huacha vumbi la wanga mahali pasipotakiwa vumbi. Sikuiweka kwenye tanuri wala kuipulizia hewa ya moto, kwa sababu plastiki hupinda na maganda ya nyaya hulainika kabla maji ya ndani hayajatoka. Zile kaboni mbili zinazogusana na sehemu ya mota inayozunguka nilizichomoa nikazikausha peke yake, maana zina vinyweleo na huhifadhi maji. Siku ya tatu niliuzungusha mhimili wa mota kwa vidole na kuhisi mkwaruzo mdogo sana: kutu ya kahawia ilikuwa imeanza kwenye chuma, na nafasi kati ya kinachozunguka na kilichotulia haifiki hata milimita 1. Niliusafisha kwa kitambaa kikavu, nikatia tone moja la mafuta mepesi kwenye beringi, nikihakikisha hayafiki kwenye kaboni.

Siku ya sita niliipeleka kwa fundi, si kwa sababu ilikuwa mbovu, bali kwa sababu macho hayawezi kuuona unyevu uliobaki. Mita ya kawaida hupima kwa volti chache za betri yake, na kwa nguvu hiyo ndogo utando mwembamba wa maji unaweza kuonekana kana kwamba haupo. Kipimo chake yeye hutumia volti 500, na kwa kifaa kama blenda yangu, chenye alama ya mraba ndani ya mraba na kisicho na waya wa ardhi, alitaka ukinzani usiopungua megaohmu 2 kati ya nyaya na sehemu ambazo mtu anaweza kuzishika. Mara ya kwanza haukufika. Aliniambia niirudishe mbele ya feni kwa siku tatu zaidi, nami niliporudi akapima tena na kuridhika.

Si kila kifaa ningekishughulikia hivi. Maikrowevu iliyoingia maji nisingeifungua kamwe, kwani kapasita yake, yaani sehemu inayohifadhi umeme, inaweza kubaki na umeme wa volti elfu kadhaa hata baada ya plagi kuchomolewa. Kifaa chenye betri ya lithiamu nisingekichaji tena. Ningekitoa nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, kwa kuwa betri iliyolowa inaweza kuwaka baadaye, hata baada ya siku kadhaa. Birika la umeme na jiko la sahani hudanganya kwa namna yao: ndani ya bomba la kipashajoto kuna unga wa oksidi ya magnesi unaofyonza unyevu kupitia ncha zake, na hivyo kifaa kinachoonekana kikavu huzimisha swichi ya usalama kila kinapowashwa. Na chochote kilichozamishwa na mafuriko, yenye tope na maji ya vyoo, ningekitupa bila kujiuliza.

Tuliiwasha kwa mara ya kwanza barazani, kwenye soketi inayolindwa na swichi ya usalama, bila jagi juu yake na bila mkono wa mtu kuigusa. Kitufe kilikuwa kimeshawekwa kwenye mwendo wa chini, nami niliwasha kutoka ukutani. Ilitoa harufu ndogo ya spirti, kaboni zikarusha cheche chache zilizoonekana kupitia matundu, kisha mlio wake ukatulia na kuwa ule ule tuliouzoea. Baada ya sekunde kumi nilizima, nikachomoa plagi, nikaweka kiganja juu yake kupima joto, tukangoja nusu saa na kurudia. Binti yangu ndiye aliyeirudisha jikoni, na hakuiweka pale ilipokuwa. Aliiweka kwenye rafu ya upande wa pili, ambako waya wake haufiki kwenye sinki.