Sweta yangu ya kwanza, na nambari 8 ilivyonichezea

Kufuma nimefuma miaka mingi, ila ni vile vitu vya kufuma huku unapiga stori, skafu, kofia za watoto, vitambaa vya makochi. Mwaka jana kaka yangu akapata kazi Kabale, na baridi ya kule si mchezo, mji uko juu karibu mita 2,000, akanipigia simu anasema dada, asubuhi huku natoa moshi mdomoni kama lori. Nikasema basi ngoja nimfumie sweta, na si sweta hivi hivi, nataka yenye kebo, ile misokoto inayopanda kifuani kama nywele zimesukwa.

Uzi wa sufu yenyewe Kampala unausaka, mwingi ni akriliki. Nikaingia soko la Owino kwenye mivumba, yaani mitumba, kutafuta sweta kubwa za wanaume za kufumua. Hapo kuna ujanja wake: geuza sweta uangalie mshono wa ubavuni, ukikuta imekatwa ikapigwa ovaloki achana nayo, utafumua upate vipande vipande tu. Tafuta ambayo kingo zake ni nzima, zimeunganishwa tu kwa uzi. Ya kwangu nilinyofoa kauzi nikakawasha kiberiti, kakanuka nywele zilizoungua, hiyo ni sufu, akriliki ingeyeyuka. Sweta mbili elfu 15. Nikafumua, nikaosha, nikaning'iniza mafungu ya uzi na chupa ya maji kwa chini mpaka yakanyooka.

Sasa pateni, yale maelezo ya kufuma hatua kwa hatua. Niliitoa intaneti, ya Kimarekani, inasema sindano nambari 8, na mimi ninazo nambari 8 za mama, nikaona mambo si ndiyo haya. Kipande cha kupimia, kile kidogo unachofuma kwanza uhesabu vitanzi vinavyoingia kwenye sentimita 10, sikufuma, uvivu tu. Nikaanza na vitanzi 90, wiki tatu nafuma mgongo kila jioni, umeme ukienda naendelea na mwanga wa simu, nikamaliza najisikia fundi kabisa. Mama akauchukua akautandaza mezani, akautazama weee, akaniuliza, "Hii ni ya mtoto wa nani?"

Kuleta rula, sentimita 41. Ilitakiwa 50.

Kumbe sindano zetu hizi za zamani zina nambari za Kiingereza, 8 yao ni milimita 4, ya Wamarekani ni milimita 5! Na za Kiingereza nambari ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Mimi sentimita 10 zilikuwa zinakula vitanzi 22, pateni ilitaka 18. Nikafumua mgongo wote siku hiyo hiyo, chai ya jioni sikunywa, nikaenda kutafuta nambari 6, ambayo ndiyo milimita 5.

Kebo yenyewe niliyoiogopa wala haikunisumbua. Vitanzi vitatu unavihamishia kwenye kasindano kadogo unavining'iniza mbele, unafuma vitatu vinavyofuata, halafu unarudia vile vilivyosubiri, basi, msokoto umetoka. Kasindano sikuwa nako, nikakata spoku ya baiskeli nikaisugua ncha sakafuni.

Krismasi kaka akaja ameivaa. Watu wakaisifu, mama akamshika kifuani kana kwamba anamkumbatia, kidole chake kikatua kwenye msokoto wa nne, ule nilioning'iniza nyuma badala ya mbele. Akanitazama tu, akaenda kupakua matoke.