Meno ya mbele ya Karafuu: yameng'olewa yote sita, na kisiki kimoja kinarudi

Sungura wangu Karafuu anakula hei (nyasi kavu) bila kusaidiwa. Anainyakua kwa midomo, anaigeuza mpaka ncha ielekee pembeni, halafu magego yanaipokea na unasikia kabisa inavyosagwa. Tangu ang'olewe meno ya mbele nimekuwa nikisubiri kuiona hali hii, na imetokea leo asubuhi, shada zima la hei limeisha. Nimeacha kazi zangu nije niandike nikiwa bado na furaha yake. Habari mbaya ni moja tu: juu, upande wa kushoto, kuna kitu cheupe kinachungulia kwenye ufizi. Nitakifikia.

Karafuu alikuja kwangu akiwa na umri wa kama miezi miwili, uso mfupi, pua bapa, mzuri kupita kiasi. Uso huo mfupi ndio wenye kesi. Kwa sungura mwenye taya la kawaida, meno mawili ya chini hukaa nyuma kidogo ya yale makubwa ya juu, yakiegemea vile vijino viwili vidogo vilivyojificha nyuma. Kila anapokata jani, ya juu na ya chini yananoana, na kwa kuwa enameli ni nene upande wa mbele, ncha hubaki na makali kama patasi. Ya Karafuu yalikuwa yanakutana ncha kwa ncha. Haikupita muda, ya chini yakawa yamechomoza mbele ya mdomo na ya juu yakaanza kujikunja kuingia ndani kuelekea kaakaa. Kidevu kikawa kimelowa mate muda wote. Anasogelea mchicha, anaunusa, anaugusa kwa mdomo, anaondoka. Njaa anayo, cha kukatia hana.

Jino la mbele la sungura huota milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na haliachi kuota mpaka anakufa. Lisipopata la kusuguana nalo, linakimbia tu. Nilikuwa napima kwa venia kalipa, kile kipimio cha taya mbili, ya plastiki (ya chuma msithubutu, akirusha kichwa inaumiza) na ya chini ndiyo yaliyokuwa yanakimbia kuliko ya juu.

Sasa, kuna ushauri ambao kila mfugaji atapewa na ambao nimechoka nao: "Mpe mti wa mpera atafune, yatakaa sawa." Hayakai sawa! Mti wa mpera ni mzuri, namshukuru aliyenipa matawi, lakini meno ya mbele hayapunguzwi na mti, yanapunguzwa na meno wenzake. Hei na majani yenye nyuzi hupunguza magego, huko nyuma, kwa ule usagaji wa kwenda pembeni. Taya lililozaliwa limepishana halirudishwi na tawi, wala hei, wala kokwa la embe. Nasisitiza kwa sababu kila wiki inayopita mtu akingoja mti ufanye kazi, mnyama anakonda. Karafuu alishuka kutoka gramu 1,240 hadi 1,090 na kwa macho hukuona kitu, manyoya yanaficha. Ni mizani ya jikoni iliyosema. Kama una hela ya kununua kifaa kimoja tu kwa ajili ya sungura, nunua mizani ya dijitali. Vingine vyote vinasubiri.

Kwenye kukata ndiko nilikoumiza kichwa zaidi. Mtaalamu wa kwanza aliyemwona alitoa koleo la kukatia kucha na kuyakata, tak, tak, imekwisha. Jino la juu likapasuka kwa urefu, ufa ukapanda mpaka ufizini. Jino la sungura ni refu, limepinda, na sehemu kubwa imefukiwa kwenye mfupa. Ukilibana kutoka pande mbili linagawanyika kama kuni kavu, na ufa ukifika kwenye kiini, ile sehemu laini ya ndani ya jino, vijidudu vimepata njia ya kwenda mpaka kwenye mzizi. Jipu la taya la sungura halifanani na jipu la mbwa. Usaha wake ni mzito, hautiririki, huwezi kuutoboa ukatoka. Karafuu aliponea chupuchupu, ufa uliishia juu ya ufizi. Koleo la kucha kwenye meno ya sungura nalipinga na nitaendelea kulipinga.

Daktari wa pili alitumia kisahani cha almasi kwenye mashine ndogo inayozunguka, ile ya jamii ya Dremel, spidi ya chini. Hapa nilipapenda. Alichukua bomba la sirinji, akalikata tundu ubavuni, akayapenyeza meno humo ili ulimi na midomo vibaki nyuma ya plastiki. Kugusa, kuachia, kugusa, kuachia, kwa sababu ukikandamiza bila kupumzika jino linapata joto na kiini kinaungua. Harufu ni ile ile ya pembe inayosuguliwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshika akiwa amefungwa kwenye taulo, mgongo ukiwa umeegemezwa vizuri, maana sungura akipiga teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Matokeo safi, hakuna ufa, jioni yake akala.

Ila kila baada ya wiki tatu hadi sita unarudi pale pale, na mnyama ni mdogo, ana miaka mbele yake. Taulo, mashine, moyo unamwenda mbio, halafu tena. Ndipo tukakubaliana: yang'olewe. Manne ya juu, mawili ya chini.

Kabla ya nusu kaputi mtu wa mapokezi aliniambia asile usiku kucha. Daktari akalifuta hilo palepale. Sungura hatapiki, na akikaa na tumbo tupu muda mrefu utumbo unasimama, na huo ndio unaoua. Karafuu alikula mpaka muda mfupi kabla ya dawa ya usingizi.

Kuna kifaa maalumu cha kulegeza meno haya, kina jina la David Crossley, daktari wa meno ya wanyama wa Uingereza. Hapa kwetu hakikuwepo. Daktari alikunja sindano ya geji 18 ifuate mpindo wa jino, akaizungusha taratibu kati ya jino na mfupa, akikata nyuzi zinazolishika, upande hadi upande, bila kulazimisha. Jino la juu ukilivuta moja kwa moja linakatikia ndani. Inabidi ulitoe kwa kufuata duara lake. Na kabla ya kulitoa, likishalegea, analisukuma kwanza kurudi ndani na kulizungusha, ili kuharibu ile tishu ya mwisho inayozalisha jino. Nilionyeshwa yote sita kwenye kitambaa. Niliyokuwa nikiyaona mdomoni ilikuwa ni kipande tu, ukiyalaza yaliyong'olewa ni marefu ajabu, nusu duara kabisa.

Dawa: ya maumivu ilikuwa meloksikamu, na antibayotiki aliichagua yeye. Mwenye sungura yeyote akariri hili: amoksilini ya kunywa, ile inayouzwa kila duka la dawa, inavuruga bakteria wa utumbo wa sungura na inaweza kumuua. Usimpe.

Sasa kisiki. Ile tishu ya mwisho ikibaki hata kidogo, jino linarudi, na linaweza kurudi likiwa bovu na limepinda zaidi. Kwa Karafuu ni lile kubwa la juu kushoto, lile lile lililopasuliwa na koleo, na sidhani ni bahati tu. Matundu matano yamefunga vizuri kabisa, ufizi wa waridi, halafu hiki kimoja! Kimeniudhi. X-ray ya kichwa ndiyo itasema kama kinaota kutoka kwenye mzizi mzima au ni kipande kilichosalia kinachosukumwa nje. Kama ni kipande, kitatoka kirahisi. Kama ni mzizi, sindano iliyokunjwa inarudi kazini.

Nilipanga wiki hii nimalize kihori cha hei cha waya. Nimekiacha. Bila meno ya mbele hawezi kuchomoa hei kwenye waya, wala kukata majani yaliyosimama, kwa hiyo kihori hakina maana tena kwake. Badala yake nimezama kwenye kukata hei. Nanunua robota la nyasi za Boma Rhodes kutoka Vikuge, Kibaha, na hapa Dar shida ni unyevu: masika ikianza, hei iliyolala sakafuni inavunda, kwa hiyo naiweka juu ya kichanja, kwenye gunia la katani, si la plastiki. Mkasi wa jikoni haufai, unatafuna. Mkasi wa fundi cherehani unaikata shada zima mara moja. Urefu wa kidole cha kati ndio umekubali. Fupi zaidi ya hapo anaimeza bila kusaga sana, na magego yake nayahitaji yafanye kazi, maana yakiota ncha kali za kuchoma ulimi tutaanza upya. Pumba za mahindi nimeacha kabisa kumpa: hazisagishi kitu, na zina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu.

Pia simzalishi. Kasoro hii ya taya hurithiwa, na nimempigia aliyeniuzia kumwambia asiwapandishe tena wale wazazi wawili pamoja. Amenisikiliza, na amekubali kuangalia meno ya ndugu zake waliobaki.

X-ray ni Jumatano. Daktari amesema atatumia otoskopu, kifaa chenye taa cha kuchungulia ndani, kuangalia magego Karafuu akiwa bado amelala, kwa hiyo kazi mbili kwa usingizi mmoja. Uzito wa leo: gramu 1,310.